Somo la Nafsi

Mwanafunzi akianza kusoma hisabati ya juu hukiri kuwa hajui. Akianza kusoma kemia huogopa kugusa chupa asizozijua. Akianza kujifunza lugha ya kigeni hunyamaza kwanza ili asikilize. Lakini akianza kusoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi, akili na mwenendo wa binadamu, huingia darasani akiwa amekwisha kujihesabu mjuzi. Je, hakuishi na watu tangu kuzaliwa kwake? Hajui hasira ni nini, au woga, au wivu? Hakuweza tangu utotoni kuitambua siku ambayo baba ana radhi, na siku ambayo ni heri kukaa mbali naye? Hili, msomaji, ndilo jambo la kwanza la ajabu katika somo hili: kazi yake ya mwanzo si kumpa mwanafunzi elimu asiyokuwa nayo, bali kumpokonya elimu anayodhani kuwa anayo.

Nataka kuzungumza nawe juu yake kwa sababu wewe u katika umri unaofaa kulisoma, ijapokuwa yamkini hulisomi. Katika mtihani wa KCSE saikolojia haimo. Katika Uingereza mambo ni mengine. Huko vijana wanaojitayarishia mtihani wa A-level, ambao kwa desturi wana umri wa miaka 16 hadi 18, hulichagua kwa wingi sana, hata katika miaka ya karibuni watahiniwa wake wamepita 70,000 kwa mwaka. Shule chache za nchi yetu zinazofuata mitaala ya kigeni hulifundisha pia. Mimi nililikuta somo hili nikiwa mtu mzima, chuoni, nilipokuwa nikijifunza ualimu, maana mwalimu hufundishwa saikolojia ya elimu kabla ya kukabidhiwa chaki. Kisha nikalisoma mara ya pili kwa ajili ya mpwa wangu, aliyelichagua katika miaka yake miwili ya mwisho ya shule mjini Nairobi. Yeye alisoma ili afaulu mtihani. Mimi nilisoma ili nisishindwe na maswali yake wakati wa likizo. Kusoma huko kwa pili ndiko kulikonionyesha thamani ambayo kusoma kwa kwanza hakukunionyesha.

Likizo moja mpwa wangu alimweleza nyanya yake, ambaye ni mama yangu mzazi, kwamba muhula ule walikuwa wamejifunza jinsi watu wanavyosahau. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi akasema, “Mwanangu, yaani mtoto huyu analipiwa karo ili aambiwe kwamba watu husahau?” Sote tulicheka, lakini swali lile halikuwa la mzaha. Ni swali ambalo kila mwenye kulitetea somo hili sharti alijibu. Wazee wetu waliwajua watu kabla ya vitabu vya saikolojia kuandikwa, na ujuzi wao wameuhifadhi katika methali. Walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na walisema kwamba moyo wa mtu ni msitu. Kama hayo yamekwisha kusemwa, mwanafunzi anatafuta nini zaidi?

Zitazame methali zenyewe. Moja yatuambia kwamba haraka haraka haina baraka. Nyingine yatuambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Moja yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyingine yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya kwanza yampa mlezi kazi na matumaini; ya pili yamnyang'anya vyote viwili. Kila moja ni ya kweli siku ambayo mambo yameiafiki, na mwenye kusema hukosa nadra, kwa kuwa huchagua methali baada ya tukio na si kabla yake. Methali ni hazina ya hekima, wala simshauri mtu yeyote kuitupa. Lakini hekima haituambii ni lini neno hili ni la kweli na ni lini lile ni la kweli. Ili kujua hayo lazima pawepo kupima, na kupima ndiko kunakolitenga somo la nafsi na mazungumzo ya barazani.

Hesabu ya miaka ya elimu hii kwa desturi huanzia mwaka 1879, wakati Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake katika chuo kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Miaka sita baadaye Mjerumani mwingine, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Mtu huyu hakuridhika kusema kwamba watu husahau. Alitaka kujua wanasahau kiasi gani, na kwa mwendo gani. Alitunga silabi nyingi zisizokuwa na maana yoyote, ili maana isimsaidie kukumbuka. Akazikariri mwenyewe orodha baada ya orodha. Kisha akajipima baada ya dakika, baada ya saa, baada ya siku, baada ya mwezi. Aligundua kwamba kusahau hakuendi kwa mwendo mmoja. Sehemu kubwa ya tulichojifunza hutuponyoka katika saa ya kwanza, halafu mporomoko huo hupungua kasi, na kilichosalia hudumu kwa muda mrefu zaidi. Hilo mama yangu hakulijua, wala mimi sikulijua, wala hapana methali iliyotuambia.

Wewe mwenyewe, msomaji, waweza kupata faida katika jambo hili leo hii. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari wakisome. Baadhi yao walikisoma katika vipindi vinne vilivyofuatana. Wengine walikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu walikifunika na kujaribu kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliokisoma tena na tena waliongoza. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40 ya habari, na waliojitahini walikumbuka asilimia 61. Fikiri ni wanafunzi wangapi wanaokesha usiku wakiyapitisha macho yao juu ya ukurasa ule ule mara ya tano, na kwa kuwa ukurasa umekwisha kuwa mwepesi machoni, wanadhani kuwa umeingia akilini! Wepesi wa kusoma umewadanganya. Aliyefunika daftari lake na kuhangaika kukumbuka alijiona mjinga usiku, lakini siku ya mtihani ndiye aliyekuwa na akiba.

Nimeanza kwa jambo la kusoma kwa sababu li karibu nawe. Lakini kama faida ya somo hili ingekuwa alama za mtihani peke yake, nisingekuchosha. Yapo mambo mazito zaidi, ambayo ndani yake kudhani kuwa twajua huleta dhuluma.

Katika shule ya bweni niliyosoma, sanduku la bati la mwanafunzi mmoja lilivunjwa, na fedha zake za matumizi zikachukuliwa. Siku ile ile vijana waliokuwa karibu waliulizwa, na mmoja wao alisema kuwa alimwona mtu akipita upande wa bweni, basi. Siku mbili baadaye waliitwa tena, na safari hii swali liliulizwa hivi: “Mlimwonaje fulani alivyokimbia kutoka bwenini?” Fulani huyo alikuwa kijana maskini, ambaye karo yake ilichelewa kila muhula, na jina lake lilikuwa limekwisha kutajwa katika minong'ono. Yule shahidi aliyeona mtu akipita sasa alikumbuka kwamba mtu huyo alikuwa akikimbia. Na aliyekuwa hana jina sasa alikuwa na jina. Na mkononi mwake palikuwa na kitu. Hakusema uongo. Nilikaa naye darasani nami namjua. Alikuwa na yakini kabisa. Kijana maskini alirudishwa kwao, wala hatukumwona tena shuleni.

Miaka mingi baadaye nilipokuwa nikisoma pamoja na mpwa wangu, nililikuta jaribio lililofanywa Marekani na Elizabeth Loftus na John Palmer, na kutangazwa mwaka 1974. Waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kasi ya magari “yalipogusana” walikisia kwa wastani maili 31.8 kwa saa. Walioulizwa kasi ya magari “yalipopondana” walikisia maili 40.5. Katika jaribio la pili watu waliulizwa, baada ya wiki moja, kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Hata hivyo, miongoni mwa watu 50 waliokuwa wameulizwa kwa neno la kupondana, 16 walijibu kwamba waliviona. Na miongoni mwa 50 walioulizwa kwa neno la kugongana tu, walikuwa 7.

Neno moja lilivunja vioo ambavyo havikuvunjika. Sasa yapime maneno yaliyotumika katika shule yetu: “fulani”, “alivyokimbia”, “kutoka bwenini”. Sikuambii kwamba kijana yule hakuwa na hatia. Nakuambia kwamba hatia yake haikupimwa. Iliulizwa kwa namna ambayo jibu lilikuwa ndani ya swali. Swali la haki lingekuwa fupi zaidi: “Mliona nini?” Tofauti kati ya maswali haya mawili ni maneno machache tu, lakini yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kijana aliyemaliza shule na kijana ambaye hakumaliza. Na wewe, baada ya miaka michache, utakuwa mwalimu wa zamu, au polisi, au hakimu, au mzazi mwenye watoto wawili na chungu kilichovunjika. Utauliza swali. Utaliulizaje?

Pengine utasema kwamba haya ni makosa ya watu wasiosoma saikolojia, na kwamba waliosoma wamesalimika. Laiti ingekuwa hivyo! Historia ya nchi yetu yatufundisha vingine. Mwaka 1938 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alipokabidhiwa alikuwa tabibu wa kawaida wa serikali. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, na ndani yake alieleza tabia za Waafrika kwa kudai kuwa hutumia kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo. Akafika hata kuwafananisha na Wazungu waliokatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata, katikati ya Hali ya Hatari, alichapisha taarifa kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Vita vya watu waliokuwa wakidai ardhi na uhuru, yeye aliviona kwa sehemu kubwa kuwa fadhaa ya nafsi zilizong'olewa katika mila zao.

Angalia hatari yake. Mtu akisema, “Nimenyang'anywa shamba langu,” yafaa ajibiwe juu ya shamba. Lakini akijibiwa juu ya ubongo wake, basi amenyang'anywa mara mbili: kwanza shamba, kisha haki ya kusikilizwa. Maneno yale yalikuwa na vazi la elimu, na vazi la elimu huwatisha wengi. Kijana wa shule yetu alihukumiwa kwa minong'ono ya bweni. Hapa taifa zima lilihukumiwa kwa kitabu. Kosa ni lile lile: jibu lilitangulia swali.

Sasa ulinganishe na kazi nyingine iliyofanywa katika nchi hii hii. Palikuwa na habari zilizoandikwa na watafiti kwamba watoto wachanga wa Afrika huwahi kukaa na kutembea kuliko watoto wa Ulaya na Marekani, na wapo waliodhani kuwa sababu yake ni asili ya damu. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Charles Super alichunguza jambo hili miongoni mwa Wakipsigis wa mahali paitwapo Kokwet. Hakuhesabu tu miezi ya watoto. Aliwatazama mama zao. Akakuta kwamba mama huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, kama vile mwalimu anavyofundisha kuandika. Mtoto huchimbiwa kishimo kidogo ardhini, akatiwa humo na kuegemezwa nguo, ili mgongo wake ujifunze kusimama wima. Watoto hao kweli waliwahi kukaa na kutembea. Lakini katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakuwatangulia wenzao wa Marekani. Basi kilichodhaniwa kuwa damu kilikuwa kishimo na subira ya mama. Hapa, kwa jambo hili moja, methali zetu mbili zilipimwa, na ile ya malezi ikamshinda nyoka.

Wala hili si tone pekee ambalo Afrika ya Mashariki imetia katika bahari ya elimu hii. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alikwenda Uganda na kuwatembelea mama 26 wa Kiganda, katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, nyumbani mwao, mara kwa mara kwa muda wa miezi mingi, akiwatazama na watoto wao wachanga. Aliona jinsi mtoto anayemtumaini mama yake anavyothubutu kwenda mbali kidogo kuuchungua ulimwengu, akirudi kwake kila apatapo hofu. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Leo mwanafunzi wa London asomapo juu ya mapenzi ya mtoto na mama, anasoma kwa sehemu mambo yaliyoonwa kwanza katika nyumba za Waganda, ijapokuwa mara nyingi haambiwi.

Kazi kama hizo zilikuwa chache, na uchache wake umeiletea elimu yenyewe aibu. Mwaka 2010 wanachuoni watatu, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan, walionyesha kwamba vitabu vya saikolojia huzungumza juu ya binadamu wote, hali waliochunguzwa ni kabila moja dogo la wanadamu. Asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya elimu hii walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Tena mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza kwamba limerudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa, na ni zaidi kidogo ya theluthi moja tu zilizotoa tena matokeo thabiti kama ya kwanza. Wapo wanaoyataja mambo haya ili kulidharau somo. Mimi nayataja ili kulisifu. Ni nani aliyeyafichua makosa hayo? Ni wenye somo wenyewe, kwa vipimo vyao wenyewe. Elimu inayoweza kujishitaki, ikajihukumu, ikajirekebisha, ni elimu ya kuaminiwa zaidi kuliko ile ambayo haijapata kukosa machoni pake.

Mpwa wangu alijifunza jambo hili kwa njia ya unyenyekevu. Darasa lao lilitakiwa kufanya jaribio dogo, naye aliamua kuonyesha kwamba muziki humzuia mwanafunzi kukumbuka. Aliwaomba wenzake kumi na wawili ridhaa yao, akawapa orodha ya maneno ishirini, nusu yao katika kimya na nusu yao katika nyimbo. Alipojumlisha, tofauti ilikuwa ndogo mno, isiyothibitisha chochote. Alisikitika sana. “Mjomba,” akaniambia, “jaribio langu limekufa.” Nikamwambia kwamba lingekufa kama angeibadilisha hesabu. Aliandika alichokipata, akaeleza kwamba watu kumi na wawili ni wachache, na mwalimu wake alimsifu kuliko wenzake waliopata walichokitarajia. Kijana wa miaka kumi na saba ambaye amewahi kuandika kwa mkono wake, “Nilidhani hivi, nikapima, nikaona sivyo,” amepata elimu ambayo wazee wengi wenye vyeo wamekufa bila kuipata.

Tena ameomba ridhaa. Hilo nalo ni fundisho, maana halikuzingatiwa sikuzote. Mwaka 1920, huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo kila alipomgusa, na hofu ile hawakumwondolea. Waliithibitisha nadharia yao, lakini mtoto aliondoka na hofu ambayo hakuja nayo. Siku hizi mwanafunzi hufundishwa kisa hicho pamoja na lawama yake, ili ajue kwamba binadamu hachunguzwi kama jiwe, na kwamba hapana ujuzi wenye thamani ya kumdhuru asiyeweza kukataa.

Sitaki kukuuzia somo hili kana kwamba halina ila. Ila yake moja huwapata wanafunzi katika mwaka wa kwanza: wakisoma sura moja juu ya maradhi ya akili, huanza kuwagawia rafiki zao maradhi hayo. Mwenye huzuni ya wiki moja huitwa mgonjwa wa sonona. Mwenye kupanga vitabu vyake vizuri hutafutiwa jina lake pia. Huo ni utabibu wa uongo. Kutambua ugonjwa ni kazi ya mtu aliyefundishwa kwa miaka mingi, na nchi yetu ilitunga sheria mwaka 2014 ya kusimamia kazi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Lakini ila iliyo kinyume cha hiyo ni mbaya zaidi, nayo ni ya wasiosoma: kumwita mvivu anayeugua, na kumsingizia mashetani mwenye maradhi yanayotibika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanafunzi aliyesoma vema hawezi kumtibu mwenzake, lakini aweza kumsikiliza bila kumcheka, na kumpeleka kwa anayeweza kumsaidia. Si haba.

Wala usilichague, kama utapata nafasi ya kulichagua, kwa kudhani kuwa ni somo la porojo. Lina takwimu ndani yake, na asiyependa hesabu za wastani na asilimia atasumbuka. Lina biolojia ya ubongo. Lina insha ndefu ambazo hutakiwa kupima hoja mbili na kuamua kwa ushahidi. Na kama shule yako hailifundishi, usidhani kuwa mlango umefungwa. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta hulifundisha hata kufikia shahada, na njia ya kulifikia hupita katika masomo uliyo nayo sasa: hisabati ikufundishe kupima, biolojia ikufundishe mwili, historia ikufundishe kushuku ushahidi, na lugha ikufundishe uzito wa neno moja.

Lakini roho ya somo hili yaweza kuwa yako kabla ya kufika huko, wala haihitaji karo. Kila usikiapo mtu akitoa hukumu juu ya watu, kwamba wasichana hawawezi hiki, kwamba kabila fulani lina tabia ile, kwamba maskini ni wezi, kwamba vijana wa siku hizi wameharibika, muulize kimoyomoyo maswali matatu. La kwanza: ni nani waliochunguzwa, na ni wangapi? La pili: waliulizwaje, na jibu halikuwamo ndani ya swali? La tatu: je, hapana sababu nyingine, kishimo fulani kilichochimbwa ardhini ambacho msemaji hakukitazama? Hukumu nyingi za barazani, na si chache za vitabuni, hazifiki swali la tatu.

Kisha yageuze maswali hayo matatu juu ya hukumu zako mwenyewe, maana hizo ndizo zitakazowafikia watu wa karibu nawe. Moyo wa mtu ni msitu, wala hapana somo litakaloufyeka wote. Anayeingia humo kwa kupapasa aweza kumkanyaga mwenzake asimwone. Anayeingia na taa, hata ikiwa ndogo, huona kwanza alipoweka mguu wake.